Usingoje Mguu wa Kukimbilia

Maswali ya Wasomaji: Afya na Michezo

Barua tatu zilizochaguliwa kwa toleo hili zinahusu jambo moja: kijana aliyekuwa mwanamichezo akapata ajali iliyomwachia ulemavu, na sasa yeye mwenyewe, au watu walio karibu naye, wanataka kujua michezo itaendeleaje. Majina tumeyaondoa kama walioandika walivyoomba. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ina maswali mengi, na kwa sababu majibu yake yatawafaa vijana wengi wa jiji hili la Dar es Salaam ambao barabara imewatenda kama ilivyomtenda mwandishi wake.

Barua ya kwanza

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa miaka 19, mkazi wa Mbagala. Nilipokuwa sekondari nilikimbia mita 800 na mita 1,500, nikafika hadi timu ya mkoa katika mashindano ya UMISSETA. Mwaka jana nikiwa abiria wa bodaboda tuligongwa na gari, na baada ya majuma kadhaa ya kupigania mguu, madaktari walilazimika kuukata mguu wangu wa kulia chini ya goti. Imepita miezi saba, kidonda kimepona vizuri, natembelea magongo ya kwapani na bado sijapata mguu wa bandia. Kocha wangu wa zamani alinionyesha kwenye simu watu wanaokimbia kwa ule mguu wa chuma uliopinda, na tangu siku hiyo siwazi kitu kingine. Nimeulizia bei nikakata tamaa. Naomba kujua: nikiupata mguu ule nitarudi kwenye mita 800? Nifanye nini wakati ninausubiri? Na je, ni kawaida kuumwa unyayo ambao haupo? Usiku vidole vinaniuma kana kwamba kuna mtu anavikunja, na nimeogopa kusema nyumbani wasije wakadhani nimechanganyikiwa.
Mkimbiaji, Mbagala

Jibu

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana kwa yaliyokupata. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalokunyima usingizi.

Hujachanganyikiwa. Watu wengi waliokatwa kiungo huendelea kukihisi, na wengi kati yao huhisi maumivu ndani yake, kwa sababu ubongo una sehemu inayopokea habari za kila kiungo, na sehemu hiyo haifutiki siku ambayo kiungo kimeondolewa. Mishipa ya fahamu iliyokatwa nayo huendelea kupeleka ishara ambazo ubongo unazisoma kuwa zinatoka kwenye unyayo. Maumivu hayo ni ya kweli na yana tiba. Mweleze daktari kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, maana dawa zinazosaidia si zile za kutuliza maumivu zinazouzwa dukani, na sharti ziandikwe na daktari. Ipo pia njia ya kioo, ambayo ilianza kutumiwa na daktari Vilayanur Ramachandran katika miaka ya 1990. Unakaa kitandani, unasimamisha kioo kirefu katikati ya miguu ili kigutu kifichwe nyuma yake, kisha unautazama mguu mzima ndani ya kioo huku ukikunja na kukunjua vidole polepole kwa dakika 15 hivi. Macho yanauona kana kwamba ni mguu wa kulia unaokunja na kukunjua vidole, na kwa baadhi ya watu ule mkunjo wa vidole hulegea. Haimsaidii kila mtu, lakini gharama yake ni kioo tu, na mtaalamu wako wa tiba ya mazoezi anaweza kukuelekeza mara ya kwanza. Kukisugua kigutu kwa kiganja na kukigongagonga taratibu kwa ncha za vidole, mara kadhaa kwa siku, nako kunasaidia, na kunakizoesha kuguswa kabla hakijaingia kwenye mguu wa bandia.

Sasa mita 800. Hapa sitakuficha, kwa sababu umekuwa mwanamichezo wa mashindano na una haki ya kujua sheria za mashindano. Katika riadha ya watu wenye ulemavu kila mmoja hupangwa katika daraja linalolingana na ulemavu wake, na mkimbiaji aliyekatwa mguu mmoja chini ya goti anayekimbia kwa mguu wa bandia yumo katika daraja linaloitwa T64. Katika Paralimpiki za Tokyo na za Paris 2024, mbio za uwanjani za wanaokimbia kwa miguu ya bandia hazikuzidi mita 400. Mita 1,500 na zaidi zilibaki kwa madaraja mengine: wasioona au wenye uoni hafifu, wenye ulemavu wa mikono, wanaokimbia kwa viti mwendo. Kwa hiyo ukipata mguu wa kukimbilia unaweza kabisa kukimbia mita 800, na hata kilomita 10 barabarani, kwa afya yako na kwa furaha yako, na wapo watu duniani wanaomaliza marathoni kwa miguu hiyo. Lakini ukitaka kushindana uwanjani, utaombwa kuwa mtu wa mbio fupi au wa kuruka chini. Mlango mwingine kwa mwenye mapafu kama yako ni triatloni ya watu wenye ulemavu, ambayo mshiriki huogelea mita 750, huendesha baiskeli kilomita 20 na kumalizia kwa kukimbia kilomita 5.

Najua hilo ni jibu gumu kwa mtu wa mbio za kati. Huenda umeshasikia habari za Henry Wanyoike wa Kenya, mkimbiaji aliyepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona mwaka 1995 kwa sababu ya kiharusi, akashinda dhahabu ya mita 5,000 Sydney mwaka 2000, na dhahabu za mita 5,000 na mita 10,000 Athens mwaka 2004. Watu hupenda kuisimulia habari hiyo wakiruka miaka 5 iliyo kati ya ugonjwa na medali ya kwanza, miaka ambayo ndani yake alilazimika kujifunza upya kutembea nje ya nyumba kabla ya kukimbia akiwa ameshikana kamba na mwongozaji. Nami naongeza jambo jingine: daraja la Wanyoike lilikuwa na mbio ndefu, akarudi katika kile alichokijua. Lako linakutaka ujifunze mchezo mwingine. Anayekufanana zaidi ni Markus Rehm wa Ujerumani, aliyepoteza mguu wa kulia chini ya goti akiwa na miaka 14 katika ajali ya majini. Mwaka 2023 aliruka mita 8.72 katika kuruka chini, wakati dhahabu ya Olimpiki ya Paris mwaka uliofuata ilipatikana kwa mita 8.48. Rehm pia ni fundi wa viungo bandia kwa taaluma yake, na sidhani kama ni bahati tu kwamba mtu aliyefika mbali hivyo anajua kwa mikono yake mwenyewe jinsi mguu unavyotengenezwa.

Hilo linanileta kwenye mguu wenyewe. Si wa chuma, mdogo wangu. Umetengenezwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu, ambazo hupinda unapozikanyaga na kurudi unapoinuka. Aliyeuanzisha ni Mmarekani Van Phillips, ambaye mwenyewe alipoteza mguu mwaka 1976 akiwa na miaka 21. Mguu huo hauna kisigino, haufai kwa kutembelea, na hakuna fundi makini atakayekufunga huo kabla hujautawala mguu wa kutembelea. Zaidi ya hayo, kinachoamua kama utakimbia au utaumia ni ile sehemu ya juu inayopokea kigutu, ambayo mafundi huiita soketi. Kigutu kipya hunywea kadiri miezi inavyopita, na soketi iliyokubana vizuri Januari inaweza kuwa inacheza ifikapo Juni, ikichubua ngozi kwa kila hatua. Ndiyo maana nasema kwamba mguu uliouulizia bei, hata kama ungepewa bure leo, usingeweza kuutumia. Fedha yoyote mtakayopata nyumbani kwa sasa iende kwenye mguu wa kutembelea uliotengenezwa vizuri, na kwenye safari za kuurudisha kwa fundi urekebishwe. Hapa Dar es Salaam huduma hiyo ipo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, na katika hospitali ya CCBRT, Msasani. Na kwa wasomaji wa kaskazini ipo KCMC mjini Moshi, ambako pia kuna chuo kinachofundisha mafundi wa fani hii. Iwapo suala la ajali lilifika polisi na una nakala ya PF3, ile fomu ya polisi, itunze, na mtafute wakili au kituo cha msaada wa kisheria akueleze juu ya bima ya gari lililowagonga. Sheria ya bima ya magari inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine wanaoumizwa na gari lake, na familia nyingi huliacha jambo hilo lipite kwa sababu ya msiba na uchovu.

Sasa tufike kwenye wakati huu wa kusubiri, ambao kwa maoni yangu ndio swali kubwa kuliko yote uliyouliza. Vijana wengi hukaa ndani mwaka mzima wakingoja mguu, na mguu unapofika unakuta goti limekauka likiwa limekunjwa, nyonga imekaza, misuli ya paja imekwisha na pumzi imepotea. Usiingie humo.

Lala kitandani ukiwa umenyoosha kigutu, uone kama nyuma ya goti inagusa godoro. Kama haigusi, goti limeanza kukaza, na hilo ni la kushughulikiwa juma hili. Usiweke mto chini ya goti hata kama inaleta nafuu, na unapokaa usikiache kigutu kikining'inia. Kiegemeze kwenye kiti kingine kikiwa kimenyooka. Lala kifudifudi asubuhi na jioni, dakika 20 kila mara, ili sehemu ya mbele ya nyonga ivutike, kwa kuwa mtu anayekaa kutwa nzima nyonga yake hukaza mbele, na mwenye nyonga iliyokaza hawezi kusukuma ardhi nyuma, jambo ambalo wewe uliyekimbia unajua ndiyo mbio yenyewe. Kisha kunja godoro dogo, liweke chini ya paja la kulia, na kwa kulikandamiza inua kiuno juu. Zoezi hilo huifanyia kazi misuli ya makalio, ambayo ndiyo itakayoendesha mguu wa bandia. Upande wa kushoto, chuchumaa kwa mguu mmoja ukishika mlango, bila kuzidisha, maana goti hilo sasa linabeba mzigo wa magoti mawili na tunalitaka lidumu. Kigutu kioshe kila jioni kwa sabuni isiyo kali, kikaushe, ukiangalie chini kwa kioo kidogo. Kwa joto na jasho la pwani ngozi huharibika upesi, na mchubuko mdogo unaweza kukuzuia kuvaa mguu kwa majuma.

Yaache magongo ya kwapani. Ukiyaegemea kwa kwapa yanabana mishipa ya fahamu, na mikono inaweza kufa ganzi na kupoteza nguvu. Tafuta yale mafupi yanayoshika mkono chini kidogo ya kiwiko, yakatwe kwa kimo chako, na vipira vya chini vibadilishwe kabla havijalika, hasa msimu wa masika ambapo kila sakafu ya vigae ni hatari.

Nimekusisitizia magongo hayo kwa sababu ndiyo vifaa vya mchezo ninaotaka uuanze mwezi huu. Soka la waliokatwa viungo huchezwa na watu saba kila upande, katika uwanja usiozidi mita 60 kwa 40, vipindi viwili vya dakika 25. Wachezaji wa ndani wamepoteza mguu mmoja, na golikipa amepoteza mkono. Wachezaji wa ndani hukimbia kwa magongo ya kiwiko, na kuugusa mpira kwa gongo kwa makusudi huhesabiwa kama kuunawa. Hakuna kuotea. Na mwenye mguu wa bandia huuvua kabla ya kuingia uwanjani. Kwa maneno mengine, sifa ya kuingia katika mchezo huu unayo tayari, leo, bila kununua chochote zaidi ya magongo unayoyahitaji hata hivyo.

Usidhani nakutafutia kitu cha kujifariji. Michuano ya Afrika ya mchezo huu ilifanyika hapahapa Dar es Salaam mwaka 2021, na timu yetu ya taifa, Tembo Warriors, ikajipatia nafasi ya Kombe la Dunia la mwaka 2022 Istanbul, Uturuki, ikafika robo fainali. Ni timu chache za taifa za nchi hii, katika mchezo wowote, zinazoweza kusema hivyo. Nenda ofisi za Baraza la Michezo la Taifa uulize mawasiliano ya shirikisho la mchezo huo na mahali timu za Dar es Salaam zinapofanyia mazoezi, kisha nenda ukiwa umevaa nguo za mazoezi. Siku za mwanzo viganja vitatoka malengelenge, mabega yatauma, na utaanguka mara nyingi. Waombe wenyeji wakufundishe kuanguka kabla hawajakufundisha kupiga chenga. Moyo wako utashangaa, kwa kuwa kukimbia kwa magongo kunachukua pumzi nyingi kuliko watazamaji wanavyodhani, na hapo ndipo yale mazoezi yako ya mita 1,500 yatakapojitokeza: mchezaji mpya mwenye mapafu ya mkimbiaji huwa na faida katika kipindi cha pili. Cheza mwaka mmoja au miwili. Mguu wa kutembelea utapatikana katikati ya muda huo, kigutu kitatulia, na ikiwa bado unataka mbio, utauendea mguu wa kaboni ukiwa na nyonga hai, kifua kipana na watu wanaokujua kama mchezaji, jambo ambalo hata kwa kutafuta wafadhili lina uzito.

Jambo moja la mwisho. Watu watakusimulia John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akichechemea baada ya kuumia goti. Ni habari ya kweli na sote tunajivunia. Lakini ikiwa siku fulani huna nguvu ya kuwa shujaa wa mtu yeyote, usijilaumu. Kuomboleza mguu ni haki yako, na kuomboleza mita 800 pia. Ila ukiona usingizi na hamu ya chakula vimeondoka kwa majuma, au yakikujia mawazo kwamba afadhali ungekufa, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo na mwende hospitali. Huo nao ni ugonjwa unaotibiwa.

Barua ya pili

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari wilayani Ubungo. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, binti aliyekuwa tegemeo la timu yetu ya netiboli, alianguka kutoka juu ya mwembe likizo ya mwaka juzi, akaumia uti wa mgongo. Hana nguvu wala hisia kuanzia kiunoni kwenda chini, na amerudi shuleni akiwa katika kiti mwendo alichopewa hospitalini. Saa ya michezo anabaki darasani peke yake. Nataka arudi uwanjani, lakini naogopa kumdhuru, na shule haina fedha. Nianzie wapi?
Mwalimu, Ubungo

Jibu

Mwalimu, hofu yako ni ya haki, na dawa yake ni kujua hatari zenyewe ni zipi, kwa kuwa ni chache na zinazuilika.

Ya kwanza ni ngozi. Mtu asiye na hisia haambiwi na mwili wake kwamba amekalia mahali pamoja kwa muda mrefu mno, na kidonda cha mgandamizo kinaweza kuanza ndani ya saa chache na kuchukua miezi kupona. Ajiinue kwa mikono kutoka kwenye kiti kila baada ya dakika 15 hadi 30, darasani na uwanjani, awe na mto mzuri wa kukalia, na jioni mtu wa nyumbani amkague makalio. Ya pili ni kibofu: hataki kueleza mbele ya darasa kwa nini anahitaji choo kwa saa maalumu, basi mpe nafasi ya faragha bila kumuuliza maswali. Ya tatu ni mifupa ya miguu, ambayo hudhoofika kwa kutobeba uzito, na anapoanguka inaweza kuvunjika bila yeye kusikia maumivu, kwa hiyo uvimbe au joto la mguu baada ya kuanguka si jambo la kungoja kesho. Ya nne ni jua letu. Sehemu ya mwili iliyopooza haitoi jasho kama kawaida, na mwili hushindwa kujipoza. Mazoezi yawe asubuhi au jioni, pawe na kivuli na chupa ya maji ya kumnyunyizia. Kwa wasomaji wengine ambao jeraha la mgongo liko usawa wa kifua au juu zaidi, ipo hatari nyingine ya shinikizo la damu kupanda ghafla, ambayo dalili zake ni kichwa kuuma sana, uso kuwa mwekundu au kutoka jasho. Mgonjwa akalishwe wima, mkojo uangaliwe kama umezuiwa, na apelekwe hospitali haraka. Binti yako, kwa maelezo uliyotoa, jeraha lake liko chini zaidi, lakini muulize daktari wake athibitishe kwa maandishi.

Baada ya hapo anza na kutupa tufe. Nakushauri hivyo kwa sababu ya gharama na kwa sababu ya mikono yake ya netiboli. Katika riadha ya watu wenye ulemavu wapo wanaotupa tufe, kisahani na mkuki wakiwa wamekaa juu ya kiti maalumu cha vyuma kisicho na magurudumu, ambacho urefu wake pamoja na mto hauruhusiwi kuzidi sentimita 75. Kiti hicho fundi wa kuchomelea wa Gerezani anaweza kukitengeneza kwa vyuma vya mraba akipewa mchoro na vipimo vya binti mwenyewe. Ongezeni pembe nne za kukifungia kwenye vigingi vilivyopigwa ardhini, na mikanda ya kufunga mapaja na kiuno. Kona zote zisuguliwe, maana yeye hatasikia zikimchana. Mwanzoni mwache atafute namna ya kuzungusha kiwiliwili chake, kwa sababu misuli ya tumbo iliyobaki hai ndiyo itakayokuonyesha wewe kocha umpe mtindo gani.

Kiti cha hospitali alichonacho ni kizito na kimetengenezwa kwa ajili ya kusukumwa na mtu mwingine. Viti vya michezo vina magurudumu yaliyoinamia ndani juu na kupanuka chini, ndiyo maana havipinduki upesi na vinageuka haraka. Kwa hiyo asiingie kwenye mchezo wa kugongana na kiti hicho, lakini kupasiana mpira na wenzake, kulenga goli la netiboli na kujisukuma kuzunguka uwanja anaweza kuanza kesho. Mkipata kiti cha michezo, mpira wa kikapu utamfaa: kikapu kinabaki juu mita 3.05 kama kwa wengine wote, na kila mchezaji hupewa pointi kati ya 1 na 4.5 kulingana na uwezo wa mwili wake, huku jumla ya watano walio uwanjani isizidi 14, jambo linalomlazimisha kocha awachezeshe wenye ulemavu mkubwa na wenye ulemavu mdogo pamoja. Tenisi ya viti mwendo nayo huruhusu mpira udunde mara mbili.

Msimpe kazi ya kuandika magoli mkadhani mmemrudisha michezoni. Na ukihitaji hoja mbele ya mkuu wa shule, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 30 ya mkataba huo inataja michezo kwa jina, ikiwamo ya watoto shuleni.

Barua ya tatu

Sisi ni vijana wa timu ya mtaa, Temeke. Winga wetu alikatwa mkono na mashine kazini, juu kidogo ya kiwiko. Amepona. Tulimwambia awe meneja wa timu ili asiumie, akakasirika na sasa hatusalimii. Tumekosea wapi?
Wachezaji wenzake

Jibu

Ndugu zangu, mlimwamulia. Mlimpenda, lakini mlimvua namba yake bila kumwuliza, wakati miguu iliyompa namba hiyo bado anayo. Fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia, mwaka 1930, Uruguay iliishinda Argentina 4-2, na bao la nne lilifungwa na Héctor Castro, ambaye alikuwa amepoteza mkono wa kulia chini ya kiwiko akiwa na miaka 13, kwa msumeno wa umeme.

Daktari akisharuhusu, arudi mazoezini. Atahitaji muda wa kuzoea mizani mpya, kwa kuwa mkono husaidia kugeuka na kujikinga unapoanguka, na upande uliokatwa utahitaji mazoezi ya bega na mgongo ili asianze kupinda. Kigutu kifunikwe kwa kitambaa laini kilichoshikiliwa vizuri. Mipira ya kurusha airushe mwingine, kwa sababu sheria inataka mikono miwili. Mkwaju ukimgonga kwenye kigutu, msimkimbilie wote kwa pamoja. Mwacheni aseme mwenyewe kama anahitaji kutoka. Na mjulisheni kwamba katika lile soka la magongo nililolieleza hapo juu, magolikipa ni watu waliopoteza mkono, iwapo atapenda kujaribu na huko. Kwanza nendeni nyumbani kwao mkamwombe radhi, kisha mpeni jezi yake. Ikiwa nafasi ya winga imeshachukuliwa na mtu mwingine, waishindanie wote wawili mazoezini, na kocha achague kwa kuangalia mpira.